Mapenzi, mahari na msimu wa kusi: Chemchemi ya riwaya za waandishi chipukizi wa Pwani

WAANDISHI chipukizi wanaotunga riwaya za mapenzi hulaumiwa mara kwa mara kwamba wanaiga filamu za kigeni na kuyapa kisogo mambo mazito yanayoikabili jamii. Lawama hiyo inasahau kwamba katika fasihi ya Kiswahili, hadithi ya mapenzi haijawahi kuwa ya watu wawili pekee.

Nyuma ya wapenzi hao husimama wazazi na wajomba, mahari, karo ya shule, shamba la urithi, na kazi inayopatikana leo na kukosekana kesho. Mwandishi anayeuliza ni nani anayempenda nani hulazimika, kabla hajafika mbali, kuuliza pia ni nani anayemlisha nani. Hapo ndipo penye chemchemi ya riwaya za mahusiano zenye uzito, na kwa mwandishi wa Pwani ya Kenya chemchemi hiyo haiko mbali na mlango wake.

Dabaso ni mfano mzuri. Wadi hii ya Kilifi Kaskazini imepakana na mji wa kitalii wa Watamu na hori ya Mida yenye mikoko, nayo magofu ya Gede, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2024, hayako mbali. Wenyeji huishi kwa uvuvi wa samaki na kaa, kilimo, minazi, biashara ndogondogo na ajira za hoteli.

Riziki hizo hufuata upepo. Kaskazi inapovuma, takriban kuanzia Novemba hadi Machi, bahari hutulia, wavuvi hupata, na hoteli za Watamu na Malindi hujaa wageni, Waitaliano wakiwa wengi miongoni mwao. Kusi inapoingia pamoja na mvua za masika, bahari huchafuka, na baadhi ya hoteli hupunguza wafanyakazi au hufunga milango kwa miezi kadhaa.

Mume aliyeleta mshahara Februari hurudi mikono mitupu Mei. Mkewe akiwa mama karanga, yaani mwanamke anayenunua samaki, kuwakaanga na kuwauza, pengine yeye ndiye atakayebeba gharama zote za nyumba hadi msimu urejee. Je, sauti ya nani itasikika nyumbani miezi hiyo? Je, hoteli zikifunguliwa, mambo yatarudi kama yalivyokuwa? Katika mwaka mmoja wa aina hiyo mna riwaya nzima, na mwandishi hana haja ya kubuni mkasa wa kutisha ili kuisukuma mbele.

Mahari nayo ni chanzo kingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inasema kwamba pale ambapo mahari inahitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, sehemu ndogo tu ya kuonyesha nia inatosha. Sheria hiyohiyo imeweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuoa au kuolewa. Hata hivyo, wazee wanapoketi na mnazi ukiwa katikati yao, hesabu inayofanywa huenda isiwe ile ya bunge. Kijana aliyesoma huona sheria iko upande wake, mjomba huona heshima ya ukoo imepunguzwa, naye msichana mwenyewe huenda asiulizwe na yeyote. Mgongano huo hauhitaji mtu mwovu ili uwe hadithi, kwa kuwa kila mmoja ana sababu anazoziamini.

Waandishi waliotangulia waliliona jambo hili mapema. Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe katika Kilifi hiyohiyo, alianza safari yake ya riwaya kwa Ukiwa, hadithi ya mapenzi ya vijana iliyochapishwa mwaka wa 1975. Ni baadaye, kwa Mafuta na Walenisi, ndipo alipojulikana zaidi kama mhakiki mkali wa utawala na unyonyaji. Mkangi, ambaye pia alikuwa mwanasosholojia na aliwahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alifariki mwaka wa 2004. Mwanzo wake unaonyesha kwamba mapenzi yanaweza kuwa mlango wa kuingilia katika maswali makubwa ya jamii.

Visiwani Zanzibar, Mohamed Suleiman Mohamed alichapisha Kiu mwaka wa 1972. Humo Mwinyi, mzee tajiri, anamtamani Bahati, msichana maskini, naye Idi anaingia kati yao akiwa na kiu yake ya pesa. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka wa 1980, alimfuata Maimuna kutoka nyumba ya baba anayemfungia ndani hadi maisha ya mjini. Katika riwaya zote mbili, fedha na mamlaka ya mwanamume ndivyo vinavyoamua ni penzi lipi litakaloishi.

Kizazi kipya kimeendeleza uchunguzi huo kwa kuyatazama maisha ya sasa. Mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka wa 2016 na kuwahi kutahiniwa katika KCSE, una hadithi kadhaa za namna hiyo. Katika “Mapenzi ya Kifaurongo” ya Kenna Wasike, Dennis, kijana wa familia maskini, anapendana na Penina wa familia yenye uwezo. Penzi lao linastahimili chuo kikuu ila linashindwa na ukosefu wa kazi.

Hadithi ya Chokocho mwenyewe, “Masharti ya Kisasa,” iko karibu zaidi na Dabaso. Dadi ni mchuuzi wa samaki anayezunguka na baiskeli. Kidawa, mkewe, ni mwanamke wa kisasa aliyekubali kuolewa kwa masharti, yakiwemo ya kusaidiana kazi za nyumbani. Dadi aliyakubali kwa mdomo, lakini moyo wake haukuridhika. Wivu unampanda hadi anaenda kumchungulia mkewe kazini, na anaishia kuanguka vibaya.

Msomaji anacheka, kisha anatambua kwamba hadithi inamuuliza swali gumu: mwanamume aliyelelewa kuamini kwamba yeye ndiye kichwa cha nyumba atafanyaje pindi maisha yanapomtaka awe mshirika? Chokocho hakulitafuta swali hilo ng’ambo. Kulipata kulihitaji kumtazama kwa makini mchuuzi mmoja, baiskeli yake na harufu ya samaki inayomfuata hadi chumbani.

Mwelekeo huu unaonekana katika tuzo pia. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka wa 2014, ilimtangaza Anna Samwel Manyanza wa Tanzania mshindi wa riwaya mwaka wa 2015 kwa mswada wa Penzi la Damu. Mwaka uliofuata, ushindi wa hadithi ulimwendea Idrissa Haji Abdalla kwa Kilio cha Mwanamke. Majina yenyewe yanadhihirisha kwamba waamuzi hawakuyaona mahusiano ya watu kuwa mada nyepesi.

Hata hivyo, kuna sehemu ya maisha ya Malindi na Watamu ambayo kwa kiasi kikubwa imesimuliwa na wageni: uhusiano wa watalii na wenyeji. Corinne Hofmann wa Uswisi alichapisha mwaka wa 1998 kumbukumbu za ndoa yake na mwanamume Msamburu aliyekutana naye Mombasa, na mwaka wa 2005 zikageuzwa filamu. Mwaka wa 2012, Ulrich Seidl wa Austria alitoa filamu kuhusu mwanamke wa makamo kutoka kwao anayetafuta mapenzi katika ufuo wa Kenya.

Katika masimulizi ya aina hiyo, macho yanayotazama ni ya aliyeshuka kwenye ndege. Mwenyeji hufika ufuoni akiwa tayari ni kijana mtanashati asiye na mama, asiye na mchumba kijijini, asiye na ndugu wanaosubiri karo. Mwandishi aliyezaliwa Dabaso anajua kwamba kijana huyo ana hayo yote. Anajua pia kwamba uhusiano wa ufuoni huingia majumbani: huezeka paa la mabati, humpeleka mdogo wa kijana sekondari, na humwacha mchumba wake akiwa hana la kusema mbele ya watu wanaokula matunda yake.

Upande wa giza hauwezi kufichwa. Ripoti ya UNICEF na serikali ya Kenya ya mwaka wa 2006, iliyochunguza Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani, ilikadiria kwamba wasichana wadogo kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakidhulumiwa kingono kwa malipo. Ilionyesha pia kwamba wateja hawakuwa wageni tu, kwani Wakenya walikuwa wengi miongoni mwao. Riwaya itakayomtwika mgeni lawama zote itakuwa imekwepa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayomtaka mwandishi mwenyeji awe jasiri zaidi.

Ujasiri huo una gharama yake. Katika mji mkubwa, mwandishi anaweza kusimulia ndoa ya jirani na asitambuliwe na mtu. Kijijini, akimtaja mhudumu wa hoteli mwenye wake wawili na baiskeli nyekundu, kila msomaji atajua ni nani, na kitabu kitageuka kuwa kesi ya wazee. Mwandishi makini huyaunganisha maisha ya watu watatu kuwa mhusika mmoja, hubadilisha kazi na mahali, na huacha kando kila jambo aliloambiwa kwa siri.

Muhimu zaidi, hulibadilisha tukio kuwa swali. Kusema kwamba mke wa fulani ameachwa ni umbea. Kuuliza kwa nini mwanamke aliyelipa karo ya watoto kwa miaka kumi hakuulizwa shamba lilipouzwa ni mwanzo wa riwaya. Swali la aina hiyo humlinda jirani, na papo hapo humgusa msomaji wa Kisumu au Tanga ambaye hajawahi kufika Dabaso.

Pwani imemrithisha mwandishi pia namna ya kuyasema mambo ya ndani bila kuvunja staha. Kanga yenye maandishi, ikivaliwa siku fulani mbele ya mtu fulani, inaweza kufanya kazi ya ukurasa mzima wa mazungumzo. Taarab imefundisha vizazi kufumba na kufumbua. Bango, muziki ulioasisiwa na Mzee Ngala, umesindikiza harusi nyingi za Pwani. Mwandishi anayeisikiliza lugha hiyo hatahitaji kuazima maneno ya filamu ili wahusika wake wapendane au wagombane.

Kizingiti kinachofuata ni soko. Nchini Kenya, soko la uhakika la kitabu cha Kiswahili ni shule, na kitabu hakiingii darasani hadi kiidhinishwe na KICD, taasisi ya ukuzaji wa mitaala. Ni haki wazazi kutaka vitabu vinavyofaa watoto. Lakini mwandishi anayeandika huku akiiwazia idhini hiyo hushawishika kumwadhibu kila mhusika aliyependa nje ya ndoa na kumzawadia kila aliyetii. Matokeo yake ni mahubiri yenye majina ya watu.

Historia inaonyesha kwamba uamuzi wa shule si wa milele. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka wa 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ya jinsi ilivyosimulia maisha ya msichana aliyelelewa na baba mkali. Baadaye riwaya hiyohiyo ilikubaliwa na kusomwa shuleni. Jamii ilikuwa imetambua kwamba kitabu kilichoonekana kuwapotosha mabinti kilikuwa kikiwaonya wazazi.

Wapo waliolikwepa soko la shule kabisa. Katika miaka ya 1970, David Maillu, aliyeandika kwa Kiingereza, alianzisha kampuni yake ya Comb Books jijini Nairobi na kujichapishia vitabu, kikiwemo After 4.30 cha mwaka wa 1974. Viliuzwa kwa wingi, wahakiki wakavikemea, na Tanzania ikavipiga marufuku. Nchini Tanzania, Eric Shigongo alijipatia wasomaji wengi kwa hadithi za mfululizo magazetini. Siku hizi vijana hutumia simu kusambaza sura moja baada ya nyingine kwa wasomaji wao.

Njia hizo zimefungua milango, ila zina hatari yake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwandishi anayepokea sifa kila baada ya sura moja, bila mhariri wa kumwambia kwamba mhusika wake hana uhai au kwamba mwisho umelazimishwa, huenda akarudia kisa kilekile kwa majina mapya. Kwa hivyo chipukizi wanahitaji wasomaji wa kwanza wasiowaonea haya: mwalimu wa Kiswahili, mkutubi, au wenzao watatu wanaokubaliana kusomeana miswada na kuambiana ukweli.

Mbali na tuzo na mauzo, kinachowaniwa hapa ni haki ya watu wa Dabaso na vijiji jirani kujisoma wakiwa binadamu kamili: wenye madeni, wivu, huruma na mipango iliyokwama kusi ilipoingia. Wageni wamekwisha kuusimulia ufuo wao. Nyumba zilizo nyuma ya ufuo huo bado zinawasubiri waandishi wanaojua ni nani aliyelipa karo muhula uliopita.