Kumtoa mkongwe ili kupokea chipukizi: Mizani ambayo klabu za Taita Taveta zinafaa kuielewa

VIONGOZI wa klabu za mashinani katika kaunti ya Taita Taveta wanaweza kujipata kwenye njia panda kila dirisha la uhamisho linapofunguliwa. Upande mmoja yupo mshambulizi mkongwe ambaye mashabiki wanaofika katika uwanja wa Moi mjini Voi wanamjua kwa jina na kumtarajia afunge. Upande wa pili yupo kijana wa miaka 18 au 19 ambaye klabu nyingine iko radhi kumtoa ili impate mkongwe huyo.

Wahenga hawasaidii sana katika jambo hili. Walionya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao, kisha wakashauri kuwa samaki akunjwe angali mbichi. Ushauri wote wawili ni wa kweli, na ndiyo maana hesabu hii yahitaji kupigwa kwa makini kabla ya saini kutiwa.

Mojawapo ya mifano bora ya biashara ya aina hii yatoka mbali na soka, katika hoki ya barafuni huko Amerika Kaskazini. Katika ligi kuu ya mchezo huo, klabu hubadilishana wachezaji moja kwa moja. Isipokuwa mkataba wa mchezaji una kifungu cha kumkinga, hana budi kwenda anakopelekwa.

Mnamo Desemba 1995, Calgary Flames ya Canada ilimtoa Joe Nieuwendyk, fowadi wa miaka 29 ambaye hakuwa akicheza kutokana na mzozo wa mkataba. Dallas Stars ya Marekani nayo ilimtoa Corey Millen pamoja na Jarome Iginla, kijana wa miaka 18 ambaye babake ni mzaliwa wa Nigeria na ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya ligi hiyo.

Dallas ilitwaa Kombe la Stanley mwaka 1999, na Nieuwendyk akatuzwa kuwa mchezaji bora wa mechi za mchujo. Calgary haikunyakua kombe hilo enzi za Iginla, lakini kijana huyo aliifungia mabao 525, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine wa klabu hiyo aliyewahi kuifikia.

Funzo ni kwamba si lazima upande mmoja ushinde na mwingine upoteze. Dallas ilihitaji kombe upesi, nayo Calgary ilihitaji miaka ya mbele. Kila mmoja alinunua wakati alioukosa.

Soka, hata hivyo, ina sheria zake. Chini ya kanuni za Shirikisho la Soka Duniani (FIFA), mchezaji hawezi kuhamishwa bila ridhaa yake. Kinachoitwa "kubadilishana" huwa kwa kweli ni uhamisho mara mbili: mkongwe akubali kwenda, chipukizi akubali kuja, na kila mmoja aafikiane na mwajiri wake mpya kuhusu mshahara na muda wa mkataba.

Kanuni hizo pia zinamruhusu mchezaji wa kulipwa kuzungumza na klabu nyingine pindi mkataba wake unapobakisha miezi sita au pungufu. Klabu inayosubiri hadi wakati huo ndipo iuze yaweza kuambulia patupu, kwani mchezaji ataondoka bure msimu ukiisha.

Kuna jambo jingine linaloziuma klabu ndogo. FIFA humtambua mchezaji kuwa wa kulipwa ikiwa tu ana mkataba wa maandishi na analipwa zaidi ya gharama anazotumia kucheza. Klabu inayompa fowadi wake nauli na chakula pekee, bila karatasi yoyote, haina cha kuuza wala cha kubadilisha. Inachoweza kutoa ni barua ya kumwachilia, na shukrani.

Afrika Mashariki ina mifano yake ya kupima umri dhidi ya uwezo. Juni 2018, Gor Mahia iliichapa Simba ya Tanzania 2-0 mjini Nakuru katika fainali ya kombe la SportPesa Super Cup. Mojawapo ya mabao hayo lilifungwa na Meddie Kagere, Mnyarwanda aliyekuwa na umri wa miaka 31. Kabla ya mwezi huo kuisha, Kagere alikuwa amejiunga na hiyo hiyo Simba.

Walioamini kwamba mshambulizi wa umri huo amekwisha waliaibika. Kagere alifunga mabao 23 katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu wa 2018/19, akaongeza 22 msimu uliofuata, na mara zote mbili akaibuka mfungaji bora. Simba ilitwaa ubingwa katika misimu hiyo miwili na kufika robo-fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 2019.

Hata hivyo, Gor Mahia haikuporomoka. Ilikuwa bado na Jacques Tuyisenge katika safu ya mbele, na iliendelea kuwa bingwa wa Kenya. Kwa hivyo, swali la kwanza si mkongwe ana miaka mingapi, bali ni nani atakayefunga baada yake.

Kisa cha Dennis Oliech kinaonyesha upande mwingine wa sarafu. Nyota huyo wa zamani wa Nantes na Auxerre za Ufaransa alijiunga na Gor Mahia Januari 2019, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 34. Jina lake lilivuta mashabiki, lakini ushirikiano huo haukumaliza hata mwaka mmoja. Sifa za mkongwe ni za miaka iliyopita, ilhali mshahara wake hulipwa leo.

Naye Michael Olunga ni kielelezo cha chipukizi aliyelipa. Alisajiliwa na Gor Mahia akitoka Thika United, akafunga mabao 19 katika msimu wa 2015 ambapo klabu hiyo ilitwaa ligi bila kushindwa, kisha akaelekea Djurgården ya Uswidi akiwa na miaka 21. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japan akiwa na Kashiwa Reysol na kutawazwa mchezaji bora wa msimu.

Lakini kwa kila Olunga mmoja, wapo vijana wengi waliosifiwa wakiwa na miaka 18 na kusahaulika kabla ya kufika 23. Mkongwe ni shamba ambalo mavuno yake yanajulikana, hata kama yanapungua mwaka hadi mwaka. Chipukizi ni mbegu, na si kila mbegu huota.

Kwa klabu ya Taita Taveta, jiografia huongeza uzito kwenye mizani. Voi iko kando ya barabara kuu na reli ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, na klabu ya Bandari iko umbali wa kilomita 150 hivi. Kijana anayeng'aa Mwatate, Wundanyi au Taveta hakawii kuonekana na kuondoka. Klabu inayompokea chipukizi yafaa ijiulize kama itaweza kumshikilia kwa muda wa kutosha ili ifaidi.

Jibu si kumfungia mlango bali kuhifadhi stakabadhi zake. FIFA inaagiza kwamba mchezaji wa kulipwa anapohamishwa kwa ada kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ada hiyo igawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 ni asilimia 0.5.

Chukulia kijana aliyesajiliwa na klabu moja ya Voi tangu umri wa miaka 12 hadi 17. Akiuzwa siku moja ng'ambo kwa Sh100 milioni, klabu hiyo inastahili asilimia 2, yaani Sh2 milioni. Asipokuwa kwenye sajili rasmi, haitapata hata ndururu, kwa sababu malipo hufuata rekodi ya usajili na wala si kumbukumbu za wazee wa mtaa.

Ndiyo maana klabu inayotakiwa kumtoa mkongwe wake inaweza kudai zaidi ya mchezaji wa kubadilisha. Inaweza kumpokea chipukizi kwa mkopo wa msimu mmoja ili imjaribu kwanza, au kudai fedha kidogo juu yake. Ikiwa yenyewe ndiyo inayomtoa kijana, iandike kwenye mkataba kwamba italipwa sehemu ya ada akiuzwa tena.

Mizani hiyo ina watu ndani yake pia. Mkongwe ana familia, na pengine ana malimbikizi ya mshahara ambayo yafaa yalipwe kabla hajapanda basi. Kijana aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi na mpango wa masomo, na kanuni za FIFA haziruhusu mkataba wake uzidi miaka mitatu.

Mwishowe, kila klabu ijiulize inachotaka mwakani. Iwapo imebakisha mechi chache kupanda daraja, kumtoa mfungaji wake ni kuuza jembe mvua ikinyesha. Iwapo haina matumaini ya kupanda wala hatari ya kushuka, msimu huo ndio wakati mwafaka wa kumpa kijana mechi 20 mfululizo. Mkongwe naye aachwe aende kutafuta kombe lake la mwisho kwingineko.