Usalama Baharini: Wavuvi Nao Ni Macho ya Pwani

Ulinzi wa bahari si kazi ya serikali pekee. Uharamia wa Somalia, uliofikia kilele mwaka 2011, ulipungua kutokana na doria za wanamaji wa mataifa mbalimbali, na pia kwa sababu kampuni za meli ziliweka walinzi wenye silaha na nyaya za miiba melini.

Hapa kwetu, eneo la uvuvi la Kenya hufika maili 200 za baharini. Walinzi wa Pwani, walioanzishwa 2018, hawawezi kuwa kila mahali. Wavuvi wa vikundi vya usimamizi wa fuo, yaani BMU, huvijua vyombo vya kwao, hivyo kilicho kigeni hukitambua mapema.

Mvuvi akiona chombo cha kutiliwa shaka, asikikaribie. Akumbuke rangi, mahali na saa, kisha aijulishe BMU yake au Walinzi wa Pwani mara moja.