Panga bustani ikutembeze

Wengi wanaotaka bustani ya mazoezi huanza kwa kuulizia vyuma na mashine ya kukimbilia. Vyuma vikishanyeshewa misimu miwili vinashika kutu, na mashine inaishia kuanikiwa nguo. Kinachomtoa mtu ndani kila siku ni shughuli isiyokwepeka: kuchuma mboga, kumwagilia, kuanua nguo, kulisha kuku. Kazi ya mbunifu wa bustani ni kuzipanga shughuli hizo ili kuzifikia kudai hatua.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku 2. Wenye miaka 65 na kuendelea wanatakiwa kuongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku 3 au zaidi. Mwongozo huo uliachana na sharti la zamani kwamba mazoezi yahesabiwe tu yakidumu dakika 10 mfululizo. Hapo ndipo bustani inapopata nafasi yake, maana kazi zake huja vipande vipande: dakika tano asubuhi, nane jioni.

Tuanze na umbali. Tumezoea kupanda kila kiungo karibu na mlango wa jiko, na mpishi mwenye haraka hatalalamika. Anayetaka kutembea na agawanye: mchaichai na pilipili zibaki mlangoni, mchicha uende pembe moja, matembele pembe nyingine, kamba ya nguo nyuma kabisa. Sharti ni kwamba kinachopelekwa mbali kiwe kinahitajika kila siku. Ukipeleka huko maua ya kutazama tu, baada ya mwezi hakuna atakayekwenda.

Kisha njia. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, njia inayozunguka nyumba ikiwa mita moja kutoka ukuta wa kiwanja ina urefu wa mita 72. Mizunguko 14 ni kilomita moja na ushee. Muhimu ni kwamba izunguke na kuungana, kwa sababu njia inayogota ukutani humrudisha mtu ndani. Upana wa sentimita 90 unatosha toroli kupita, lakini wawili wanaopenda kutembea wakizungumza wanahitaji mita 1.2 hadi 1.5. Epuka vigae vinavyong'aa, vikilowa vinateleza. Vitofali vya saruji au changarawe iliyoshindiliwa vizuri ni salama zaidi. Changarawe iliyomwagwa tu humyumbisha mzee na kukwamisha kiti cha magurudumu.

Pwani, njia isiyo na kivuli hutumika alfajiri na magharibi tu. Jua linalochosha ni la alasiri, hivyo miti ipandwe upande wa magharibi wa njia. Kwenye eneo dogo mpera au mstafeli unafaa. Mwembe na mwarobaini inahitaji nafasi, la sivyo mizizi itainua vitofali na kumkwaza mpitaji.

Misuli nayo ina mwalimu wake: maji. Lita moja ni kilo moja. Chukua tuta la mita 1.2 kwa 5, yaani mita 6 za mraba. Wakati wa kiangazi, kwa lita 5 kila mita ya mraba, linakunywa lita 30. Ukibeba makopo mawili ya lita 5, moja kila mkono ili mgongo usiegemee upande, hizo ni safari 3. Matuta manne ni safari 12. Bomba likiwa mita 15 kutoka hapo, umetembea mita 360, nusu yake ukiwa na kilo 10 mikononi. Mpira wa maji uwepo kwa siku za ugonjwa na za haraka. Mwenye presha au maumivu ya mgongo amuulize daktari kwanza, kisha aanze na makopo nusu.

Upana huo wa mita 1.2 una sababu: unafika katikati ya tuta kutoka kila upande bila kulikanyaga. Mwenye magoti mazima atumie tuta la chini, apalilie akiwa amechuchumaa. Mzee ajengewe tuta lililoinuliwa sentimita 60 hadi 75, apalilie akiwa amesimama au ameketi. Kila nusu ya mzunguko weka benchi la sentimita 45 kwenda juu. Hapo atapumzika, na kuketi na kuinuka mara kumi bila kushika kitu ni zoezi zuri la mapaja. Shimo la mboji nalo, linalogeuzwa kwa uma kila wiki mbili, litafanyisha kazi mabega na kiuno.

Kabla ya kumwaga zege, chora bustani yote kwa vigingi na kamba, uiishi wiki mbili. Angalia nyasi zinapolala: hapo ndipo miguu ya watu wa nyumba hiyo inapopita kweli, na mara nyingi si pale ulipochora. Sogeza kamba zifuate miguu. Fundi aitwe baada ya hapo.