Fimbo ya Kipofu na Uzi wa Uhai

Kipofu akienda sokoni Likasi haoni mawe ya njiani. Fimbo yake ndiyo humpasha habari: hapa pana shimo, hapa pana jiwe, hapa njia ni sawa.

Basi, kiko chombo kinachofanya kazi kama fimbo hiyo. Kilibuniwa mwaka 1986 na Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber, nacho huitwa hadubini ya nguvu za atomu. Hadubini ya hospitali, ile ya kutafutia malaria katika damu, hutumia mwanga. Hiyo huweza kuonyesha hata kromosomu, vile vijiti 46 vilivyomo ndani ya chembe ya mwili wa mtu. Lakini ndani ya kila kromosomu mna uzi uliokunjwa sana, uitwao DNA, wenye habari ambazo mtoto huzirithi kwa baba na mama. Nyuzi za chembe moja zikinyoshwa na kuungwa pamoja, zafika mita 2 hivi. Mwenyezi Mungu alizikunja kwa ustadi ambao hakuna fundi aliyeuweza. Na unene wa uzi huo? Gawa milimita moja katika vipande milioni moja. Unene wake ni vipande 2 tu. Hadubini ya mwanga haiwezi kuuonyesha.

Kwa hiyo wataalamu huupapasa. Huchukua ulanga, jiwe lile linalong'aa na kubanduka kama kurasa za kitabu, wakabandua ukurasa mmoja ili wapate mahali safi na laini kabisa. Hapo hudondosha tone la maji yenye DNA, na chumvi ya magnesi ili uzi ushike. Kisha sindano yenye ncha kali mno, iliyo mwishoni mwa kibao chembamba kinachonesa, hupita juu yake mstari kwa mstari, kama mtu alimaye shamba. Ikikuta uzi hupanda, ikiuvuka hushuka. Mwanga wa leza unaopiga mgongo wa kibao huyumba kidogo, na mashine huandika kila kuyumba mpaka picha itokee. Kazi hii hutaka uvumilivu: sindano ikikandamiza mno huusukuma uzi, na hata mtikisiko wa sakafu huharibu picha.

Karibu na Likasi iko Shinkolobwe, ambako urani ilivumbuliwa mwaka 1915. Jiwe la urani hutoa mionzi isiyoonekana wala kunuka. Mionzi huweza kuukata uzi wa DNA, hasa vumbi la jiwe hilo likivutwa mapafuni. Uzi huo una nyuzi mbili zilizosokotwa. Ukikatika mmoja, chembe huuunga upesi. Zikikatika zote mbili mahali pamoja, pengine chembe huunga vibaya, na hapo saratani yaweza kuanza. Wataalamu wamekwisha kuipiga DNA kwa mionzi, wakapapasa vipande vyake kwa sindano hii na kupima urefu wa kila kimoja. Waliona kwamba mionzi ya namna fulani huacha vipande vifupi vingi kuliko mingine.

Serikali iliufunga mgodi wa Shinkolobwe Januari 2004. Hata hivyo watu waliingia kuchimba kobalti, na Julai mwaka uleule mgodi ukaporomoka, ukaua. Kobalti na urani hukaa katika mawe yaleyale. Mchimbaji hurudi nyumbani na vumbi katika nguo zake, na mkewe azifuapo huona uchafu tu.