Hadithi ya jirani kwa lugha yetu: kutafsiri ni kazi ya amani



Mama mmoja wa hapa kwetu anaweza kuongea Kihunde na watoto wake, Kikumu au Kinyarwanda na jirani, Kiswahili sokoni, kisha akapewa karatasi ya Kifaransa siku ya kugawa msaada. Kila siku anatafsiri, ijapokuwa hakuna anayemwita mtafsiri. Makala hii inaeleza kazi hiyo ni nini, na jinsi familia zilizohama na familia zilizozipokea zinavyoweza kuitumia ili kuishi pamoja vizuri.

KUTAFSIRI NI KUCHAGUA

Watu wengi hufikiri kwamba mtafsiri hubadilisha neno kwa neno, kama mtu anayevunja pesa. Sivyo. Mtafsiri huchagua, na uchaguzi wake humwongoza msikilizaji.

Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa Tanzania, alitoa kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare juu ya wafanyabiashara wa mji wa Venice. Hakuuita "Wafanyabiashara", aliuita "Mabepari wa Venisi". Neno "bepari" lina hukumu ndani yake tayari. Vilevile, riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo jina lake la Kiingereza linazungumzia mambo yanayosambaratika, ilitoka kwa Kiswahili kwa jina "Shujaa Okonkwo". Jina la kwanza linatazama jamii nzima inayovunjika. La pili linamtazama mtu mmoja. Kitabu ni kilekile, lakini msomaji anaingia kwa mlango mwingine.

SAFARI YA KITABU KIMOJA

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 aliondoka kwao akiwa bado kijana, akafika Uingereza kama mkimbizi. Ijapokuwa Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwao, aliandika kwa Kiingereza. Riwaya yake "Paradise" ilitoka mwaka 1994. Inamfuata Yusuf, mtoto aliyetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara kwa sababu ya deni, halafu akaingia katika msafara wa kwenda bara.

Mwaka 2021 Gurnah alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka 2022 "Paradise" ikatoka kwa Kiswahili kwa jina "Peponi", tafsiri ya Dkt. Ida Hadjivayanis wa chuo cha SOAS, Chuo Kikuu cha London, ambako wanafunzi wa nchi nyingi husoma lugha za Afrika na Asia. Hivyo ilichukua miaka 28 hadithi hiyo irudi nyumbani kwa lugha ya nyumbani.

Hadithi hii inatuhusu. Misafara ya namna hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili mashariki mwa Congo katika karne ya 19, pamoja na biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Lugha iliyofika pamoja na minyororo leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya mwaka 2006, na ndiyo lugha ambayo Mhunde, Mnande, Mhutu, Mtutsi, Mtembo na Mkumu hukutana nayo sokoni. Chombo kilicholetwa kwa ubaya kinaweza kutumika kwa wema, ikiwa watu wataamua hivyo.

NENO MOJA LIKIANGUKA

Katika mikutano yetu, kosa la tafsiri linaweza kugharimu familia nzima. Tazameni mfano huu. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, na Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, wa mwaka 2009, zinasema kwamba kurudi kijijini kuwe kwa hiari. Msemaji akisema kwa Kifaransa "retour volontaire", mkalimani aliyechoka anaweza kusema tu: "Wamesema murudi." Neno "hiari" limeanguka njiani. Haki imegeuka amri. Mama aliye nyuma anaanza kufunga mizigo, naye hajaulizwa kama njia ni salama wala kama shamba lake lina mtu mwingine.

Mfano wa pili ni neno "mgeni". Kwa Kiswahili mgeni ni yule tunayempa kiti na chakula. Pia ni yule asiye wa hapa. Kifaransa kinalazimisha kuchagua: "invité" au "étranger". Katika jimbo letu neno hili limewahi kutupwa kama jiwe, kwa kumwambia jirani kwamba hana haki ya kukaa. Kiongozi akisikia "mgeni" katika malalamiko, aulize kwanza: unamaanisha mgeni yupi? Swali hilo dogo linaweza kuzuia ugomvi mkubwa.

NAMNA YA KUFANYA MTAANI

Hakuna haja ya pesa nyingi. Kikundi cha watu wanane hadi kumi na wawili, wanawake na wanaume, wenyeji na waliohama, kinatosha.

1. Mtu mmoja asimulie hadithi ya kwao kwa lugha yake. Kwa mara za kwanza, tuanze na hadithi za zamani au methali, tuache habari za vita.

2. Mtu wa kabila lingine anayesikia lugha hiyo aitafsiri kwa Kiswahili.

3. Aliyesimulia aulizwe: "Ndivyo ulivyosema?" Asahihishe bila kukatwa maneno.

4. Wote watafute neno moja lililokuwa gumu kutafsiri, walijadili.

5. Kijana aandike hadithi hiyo kwa daftari, kwa lugha zote mbili, ili watoto waisome.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa kazi. Aliyezoea kusemewa na wengine anapata nafasi ya kusema: "Hapana, sikusema hivyo."

MASWALI YA KUJADILIANA

– Katika mikutano yenu, nani anatafsiri? Je, wanawake na wazee wanapata nafasi ya kumsahihisha?

– Ni neno gani katika lugha yenu ambalo majirani hulielewa vibaya?

– Ni hadithi gani ya kwenu mngependa jirani aijue?

Viongozi wa nyumba kumi, wachungaji na waalimu wanaombwa kuyajadili maswali haya pamoja na familia kabla ya mkutano ujao wa mtaa, na katika mkutano huo kuchagua wakalimani wawili, mwanamke na mwanaume, wanaokubaliwa na pande zote.