Uganda: Tanuru Kuukuu Lapata Kazi Mpya

Mchumaji wa chai katika vilima vya karibu na Fort Portal hurudi jioni amelowa toka kichwani hadi miguuni. Kwa muda mrefu sisi wa tawi tulidai jambo moja tu: maji ya moto ya kuogea kambini. Kila mara jibu la uongozi wa shamba lilikuwa lile lile, kwamba fedha hakuna.

Katika kikao kimoja mjumbe wetu wa kiwandani alikumbusha kuwa nyuma ya ghala kuna tanuru la kuni la kuchemshia maji, limetupwa, linaota kutu. Uongozi ukajibu: "Lichukueni, lakini kazi ni yenu." Tukalichukua. Tunaandika haya ili wenzetu wenye nia kama yetu wasilipe ada tuliyolipa sisi.

Kwanza tulilikagua. Chuma kikuukuu hudanganya: nje kizima, ndani kimeliwa. Tulikikwangua, tukakigonga kwa nyundo ndogo kila mahali tukisikiliza mlio, kisha tukajaza maji baridi na kuyaacha siku mbili. Mshono mmoja ukavuja. Fundi wa kuchomelea akauziba, tukajaribu tena. Hapo ndipo tulipothubutu kutia kiberiti.

Pili, banda. Tulilijenga mbali na nyumba za kulala, kuta za matofali, sakafu ya saruji, paa la bati. Dohani tuliipitisha batini ndani ya bomba jingine pana ili isiguse boriti, ikapanda sentimita 60 juu ya kilele cha paa. Tangi la maji liko juu ya jukwaa, tanuru liko chini. Maji yakipata moto huwa mepesi na kupanda yenyewe, yaliyopoa hushuka. Kwa hiyo hatuhitaji pampu, na umeme ukikatika kazi haisimami.

Tatu, bomba la kupumulia. Linatoka juu ya tangi, liko wazi, halina koki. Siku za mwanzo lilitema maji, na mwenzetu mmoja akataka kuliziba kwa tambara. Tulikataa katakata. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kama mara 1,600 ya ile ya kwanza. Tanuru lisilo na pumzi ni bomu.

Hata hivyo tulikosea mahali pengine. Wiki ya pili mchochea moto wa zamu ya usiku alitaka makaa yadumu mpaka alfajiri. Akalisukuma bamba la dohani likafunga kabisa, akafunga mlango wa banda kwa sababu ya baridi, akalala humo humo. Alfajiri tulimkuta anatapika, kichwa kinamwuma, miguu haimbebi. Tulimtoa nje kwenye hewa safi, tukampeleka zahanati. Namshukuru Mungu, tulisema kila mmoja wetu, maana alipona. Kilichomwangusha ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Moto unaokosa hewa ndio unaoizaa.

Tangu siku ile moto wetu una sheria, nazo zimebandikwa mlangoni:

1. Moto unatawaliwa kwa kidirisha cha hewa kilicho chini ya wavu. Ukitaka moto mkali, kifungue. Ukitaka upoe, kipunguze. Bamba la dohani tumelikata pembe, hata likisukumwa lisiweze kufunga kabisa.

2. Hakuna kulala bandani. Matundu ya hewa, moja chini na moja juu ukutani, hayazibwi.

3. Kuni ni za mkaratusi uliopasuliwa na kukaa chini ya paa miezi sita au zaidi. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji: hula moto badala ya kuutoa, na kuacha dohanini masizi mazito kama lami, ambayo siku moja yatawaka.

4. Kipimajoto kikae kati ya nyuzi 70 na 80. Kwenye mwinuko wetu, kama mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Yakikaa chini ya 60, chuma hutoa jasho ndani na kutu hurudi.

5. Bafuni maji ya moto huchanganywa na baridi kabla ya kufika kwa mwogaji. Maji ya nyuzi 60 humbabua mtoto kwa sekunde chache.

6. Majivu huwekwa nje, katika pipa la chuma lenye kifuniko.

Ilibaki hoja ya mwisho, nayo ni ya chama hasa. Wachochea moto walikuwa wanafanya kazi hii kwa kujitolea, baada ya zamu zao za mchana. Mtu aliyechoka ndiye anayefunga bamba na kulala. Tulirudi mezani na kueleza hivyo, tukimtaja aliyeokoka. Uongozi ulibishana vikao viwili, kisha ukakubali: wachochea moto wawili, kwa zamu, kwa mshahara, wenye glavu na viatu vya ngozi.

Ndugu, chuma kikuukuu unaweza kupewa bure. Mtu wa kukilinda usikubali awe wa bure.