CRP husomwa mara mbili

Mgonjwa wa kifua akitolewa kijijini Kansay kupelekwa hospitali mjini Karatu, ndugu wanaomsindikiza huwa na imani moja: damu ikipimwa, kila kitu kitajulikana. Majibu yakitoka, kwenye karatasi ya maabara kuna mstari ulioandikwa CRP, pengine na namba 180 mbele yake, na mara nyingi hakuna anayewaeleza maana yake.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Bakteria wakivamia vifuko vya hewa ndani ya mapafu, askari wa mwili waliopo pale humwaga kwenye damu kemikali iitwayo intalukini-6. Ikifika kwenye ini, ini huanza kutoa CRP kwa wingi. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na chini ya miligramu 10 kwa lita moja. Nimonia kali ya bakteria huipandisha kupita 100, wakati mwingine hata 300. Huanza kupanda baada ya saa 6 hivi na kufika kileleni kwenye siku ya pili. Mchochota, yaani mapambano hayo ya mwili, ukishatulia, nusu ya CRP iliyomo kwenye damu huondoka kila baada ya saa 19.

Hizo saa 19 ndizo zenye faida kubwa kwa mgonjwa. Dawa ikimkubali, ile 180 inatakiwa iwe imeshuka chini ya 90 kufikia siku ya tatu au ya nne. Ikigoma kushuka, daktari ana kazi ya kutafuta: huenda usaha umejikusanya kati ya pafu na mbavu, huenda dawa haimwezi mdudu huyo, huenda ni kifua kikuu tangu mwanzo. Kipimo cha siku ya kwanza peke yake hakiwezi kumwonyesha hayo.

Na hivyo ndivyo protini hii ilivyojulikana. Mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller, New York, walichanganya majimaji ya damu ya wagonjwa wa nimonia na kijenzi cha ukuta wa bakteria wa ugonjwa huo. Mchanganyiko ukatoa mashapo. Mgonjwa alipopona, damu yake haikutoa mashapo tena. Baadaye CRP ikawa kipimo cha mwenendo wa ugonjwa.

Lakini CRP haitaji jina la ugonjwa. Malaria huipandisha, kifua kikuu huipandisha, hata kidonda kilichooza. Aliyeugua asubuhi anaweza kuonekana salama jioni kwa sababu ini halijapata muda, na mwenye ini dhaifu anaweza asiipandishe vya kutosha. Ndiyo maana huunganishwa na dalili. Jijini Dar es Salaam, utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 3,000 wa chini ya miaka 5 wenye homa uliweka CRP ndani ya mwongozo wa matibabu uliofuatwa kwenye kompyuta ndogo ya mkononi. Waliopewa antibayotiki siku ya kwanza walikuwa kama 11 kwa kila 100. Kwa tiba ya kawaida walikuwa karibu 95.

Wakati wa korona, madaktari wa Uingereza walitoa tosilizumabu, dawa ya kuzuia intalukini-6, kwa wagonjwa wenye CRP ya 75 au zaidi ambao pia oksijeni yao ilikuwa imeshuka. Yalitakiwa yote mawili. Dawa nyingine ya wagonjwa hao, deksamethasoni, ambayo ni ya bei nafuu na ipo kwetu, iliokoa baadhi ya waliohitaji oksijeni, wasioihitaji haikuwafaa.

Zahanati nyingi za vijijini hazina kipimo cha CRP, na mgonjwa asicheleweshwe kwa kukisubiri. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika, huku akikohoa, anahitaji tiba siku hiyo hiyo. Kifaa cha kubana kidole kikisoma oksijeni chini ya asilimia 90, apewe oksijeni na safari ya rufaa ianze.

Ombi langu ni kwa wenzangu tunaoandika barua za rufaa. Tukiandika CRP 180 bila kitu kingine, daktari wa hospitali ya rufaa ya KCMC kule Moshi hana la kulinganisha. Tuandike saa damu ilipotolewa, na saa sindano ya kwanza ya antibayotiki ilipochomwa.